Kawa: vidoto vyeusi vinavyokula nguo

Vijana wengi hapa Tanga wanaijua kwa macho lakini hawana jina lake. Watakwambia shati "lina vidoto" au "limeota". Mpe bibi shati hilohilo aligeuze kola mara moja tu, atasema: limefanya kawa.

Kawa ni madoa madogomadogo, meusi au ya kijivu, yanayotapakaa kwenye nguo iliyokaa mbichi muda mrefu. Usiichanganye na lile kawa la ukindu la kufunikia sinia. Kipo pia kitenzi cha zamani, kukawa, yaani kuchelewa, ambacho leo tunakisikia zaidi katika kukawia. Sidai kwamba maneno haya ni ndugu, ila mimi huyaweka pamoja ili nisisahau: nguo iliyokawia kukauka ndiyo inayofanya kawa.

Wengi hudhani kawa ni uchafu uliobaki, wakailaumu sabuni. Siyo uchafu. Ni kuvu, jamii moja na ule ukungu wa mkate. Vijimbegu vyake vinaelea hewani kila mahali, navyo hutua hata kwenye nguo iliyofuliwa vizuri. Vikikuta unyevu na chakula, huota. Na chakula chenyewe mara nyingi ni nguo, maana pamba kwa zaidi ya asilimia 90 ni selulosi, kitu kilekile kinachojenga mashina na majani ya mimea. Kuvu hutema vimeng'enya vinavyoikata selulosi vipandevipande mpaka iwe sukari, kisha huinyonya. Ndiyo maana kanga iliyofanya kawa mara kwa mara hupasuka siku moja ukiifunga tu kiunoni. Ilikwisha kuliwa zamani, wewe umeona mwisho wake.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mahema na nguo za pamba za jeshi la Marekani zilikuwa zikioza upesi mno huko Pasifiki. Kwenye turubai lililooza katika visiwa vya Solomon wataalamu walimpata mlaji mmoja hodari, kuvu ambaye baadaye aliitwa Trichoderma reesei. Leo anafugwa viwandani kwa ajili ya vimeng'enya vyake, na baadhi hutumika kulainisha jinzi na kuzipa ule uchakavu wa kununua dukani. Watu wanalipia kidogo kile ambacho kabati la Ngamiani, mtaa wetu hapa Tanga, hukifanya bure.

Poliesta yenyewe kuvu hawaiwezi. Lakini jezi ya mpira ina jasho, mafuta ya mwili na mabaki ya sabuni, na hivyo vinawatosha. Kwa hiyo jezi itapata vidoto na harufu, ila haitaoza kama kanzu ya pamba.

Mji wetu nao unawasaidia. Kuvu wengi wa nguo hupenda joto la nyuzi 25 hadi 30, na Tanga iko humo sehemu kubwa ya mwaka. Pembeni ipo bahari, na masika ya Machi hadi Mei hujaza hewa maji. Nguo mbichi ikifungiwa kwenye hali hiyo siku moja au mbili tu, kazi imeanza. Kwanza utasikia uvundo, ambao kwa kawaida ni wa bakteria. Huo ndio mlio wa hodi. Ukinusa uvundo, fua tena siku hiyohiyo.

Mimi nilijifunza kwa shati jeupe la kitani. Nilitoka kuogelea Raskazone, nikalisokota na taulo, nikalitia begini, nikalisahau tangu Jumapili hadi Alhamisi. Lilikuwa na maji ya bahari, na hilo ndilo kosa la pili: chumvi ya bahari huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo nguo yenye chumvi hata ukiianika haikauki sawasawa. Nguo ya baharini isuuzwe kwanza kwa maji ya bomba. Ya jasho pia, kama hutaifua leo, itundike mahali penye upepo, usiitupe ndani ya tenga juu ya wenzake.

Kuanua ndiko tunakokosea zaidi. Magharibi ikikaribia, mtu anapitisha mkono kifuani mwa shati, analiona kavu, anakunja. Kifua hukauka kwanza. Shika kola, pindo, kiuno cha suruali, sehemu ya ndani ya mfuko. Pakiwa baridi kwenye vidole, bado ni pabichi. Jinzi na suruali nzito zianikwe zimegeuzwa ndani nje: mifuko inapata upepo na rangi inanusurika jua. Ukishapiga pasi kwa maji, iache nguo itundikwe ipoe kabla ya kuingia kabatini, kwa sababu ule mvuke bado umo. Na kabati lisigandamane na ukuta wa nje. Liachie upana wa kiganja.

Kanzu iliyotiwa wanga isiwekwe miezi mingi ikingoja Idi. Wanga ni chakula. Itoe wanga, ikauke kabisa, ndipo uihifadhi. Kuhusu udi, naupenda mno, lakini kufukiza nguo mbichi ni kuipa kawa manukato. Vidonge vya nondo navyo ni vya wadudu, haviondoi unyevu.

Ikishaingia? Kama bado ni changa, ianike juani, piga brashi vidoto vikiwa vikavu, ukiwa nje ya nyumba, kisha fua kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili. Kwa pamba nyeupe, Jiki iliyozimuliwa kama kibandiko kinavyosema hufuta rangi ya kawa, lakini ikikaa muda mrefu nayo inadhoofisha nyuzi. Hariri na sufu usizitie kabisa, zitayeyuka. Dawa ya wazee ya ndimu, chumvi na jua hufifisha doa changa, nayo isuuzwe vizuri baadaye. Ila ndimu na Jiki zisikutane katika beseni moja, hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu.

Kabla ya hayo yote hakikisha si kutu ya waya wa kuanikia. Kutu ni ya kahawia na hufuata mstari pale nguo ilipolala, na Jiki huifanya igande zaidi. Kawa hutawanyika kama pilipili manga iliyomwagika. Lile shati langu la kitani vidoto vilitoka baada ya kufuliwa mara tatu, lakini begani sasa ukilitazama mwangani unaona vidole vyako upande wa pili.