Dar na Nairobi, nani zaidi? Tunayokosea tukibishania maghorofa

Kijiwe chetu cha kahawa hapa Mwanga, Kigoma, hakikosi ubishi. Ukiisha wa Simba na Yanga, unaanza wa Dar na Nairobi. Kijana anatoa simu, anaweka picha mbili za maghorofa mbele ya watu, kisha ananigeukia: "Fundi, wewe si umejenga Dar? Hebu sema." Ni kweli, nilifunga nondo na kumwaga zege Dar miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani, ndiyo maana ubishi huu unanigusa. Mengi wanayoyashikilia siyo.

Kubwa kuliko yote ni hili la kuamini kwamba jengo lenye ghorofa nyingi ndilo refu zaidi. Chukua Nairobi yenyewe. Times Tower, iliyokamilika mwaka 2000, ina ghorofa 38 na urefu wa mita 140. Britam Tower iliyoko Upper Hill ina ghorofa 31, na inafika mita 200. Pungufu kwa ghorofa saba, lakini ndefu kwa mita 60! Siri iko juu: Britam imebebeshwa mlingoti wa mita 60, nao umo kwenye hesabu. Halafu hata kuhesabu hatuhesabu sawa. Huku kwetu nyumba ya ghorofa moja ni ile yenye vyumba chini na vyumba juu; mwenzako kwingine anaiita ya ghorofa mbili. Kwa hiyo ukisikia minara pacha ya PSPF, uliokuwa mfuko wa pensheni, pale Dar ina ghorofa 35, usiiweke namba hiyo kando ya 31 ya Britam ukadhani Dar imeshinda. Uliza mita, kisha uliza mita hizo zinaishia wapi: kwenye paa au kwenye ncha ya chuma.

La pili ni picha. Watu wanasema picha haidanganyi. Inadanganya sana. Ile picha ya Nairobi inayosambaa kila siku, twiga mbele na maghorofa nyuma, hupigwa kutoka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, kilomita kadhaa kutoka katikati ya mji, kwa lenzi ya kuvuta. Lenzi hiyo inavisogeza vya mbali mpaka vinaonekana vimesimama mgongoni mwa twiga. Tena Upper Hill ni kilima kweli, kwa hiyo majengo yake yanaanzia juu kabla hata msingi haujachimbwa. Posta, katikati ya jiji la Dar, iko tambarare, karibu sawa na bahari, na picha yake huchukuliwa kutoka upande wa Kigamboni, maji yakiwa mengi mbele, majengo yakionekana madogo nyuma yake.

Sisi watu wa Kigoma hatukupaswa kudanganywa na jambo hili, maana tunaliona nyumbani. Mvua kubwa ikipita na vumbi likatulia, milima ya Kongo inasogea mpaka unahisi ukipiga kelele watakusikia. Usiku ukiwa kwenye mtumbwi ziwani, taa za nyumba za mlimani zinapangana moja juu ya nyingine kama madirisha ya jengo moja. Mgeni anaweza kuapa ni ghorofa la kwenda juu kumi. Kumbe ni nyumba za bati za chini, zimepanda mteremko tu.

Kuna wanaosema miji hii miwili ina majengo kwa sababu ni mikongwe. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Dar aliianzisha Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, walikuta mji wa misafara tayari una shughuli zake, hapa hapa jirani yetu. Umri hauleti ghorofa. Linaletwa na bandari, benki, ofisi za serikali, na bei ya kiwanja inayomlazimisha mtu kujenga kwenda juu.

Na vioo? Vijana wengi wanapima maendeleo kwa vioo. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, usiku watu wanavaa sweta. Dar ni joto na unyevu. Ukuta uleule wa kioo haufanyi kazi sawa kwenye miji hiyo miwili, na bili ya viyoyozi ndiyo shahidi. Ingia stesheni yetu ya Kigoma, ya wakati wa Mjerumani, reli ilipofika hapa mwaka 1914. Kuta ni nene, na ndani kuna ubaridi mchana wa jua kali bila mashine yoyote.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba kila jengo la maana limechorwa na mzungu. Soko la Kariakoo, lililojengwa miaka ya 1970, lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania. Paa lake ni miamvuli ya zege, na kila mwamvuli una mguu wake. Lilipoungua Julai 2021 nilisikitika kama nimefiwa. KICC, jumba la mikutano la Nairobi, ghorofa 28 na mita 105, iliyokamilika 1973, Mnorwei Karl Henrik Nøstvik aliichora akiwa pamoja na David Mutiso, Mkenya. Na katika kushindana huko tunasahau kwamba Nairobi nayo ina Kariokor yake. Majina yote mawili yametoka kwa wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps. Ni jina moja kwenye miji miwili.

Mwisho, watu wanaogopa urefu. "Ghorofa refu ndilo linaloanguka." Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, Dar, likaua watu 36. Lakini lile lililoanguka Kariakoo Novemba 16, 2024 lilikuwa la ghorofa nne. Jengo linauliwa na zege bovu, nondo nyembamba, nguzo iliyoongezewa mzigo ambao haikupangiwa, au mtu kuchimba penye msingi wa zamani. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo tuliambiwa tupunguze saruji kwenye mchanganyiko wa nguzo. Niliondoka siku ya tatu bila kulipwa, na hadi leo sipiti mtaa ule.

Juzi hapa Gungu, Kigoma, nilikuta vijana wanaandaa zege la nyumba ya ghorofa moja, mchanga umemwagwa barabarani. Nikaomba chupa ya maji iliyo tupu. Nikatia mchanga nusu, nikajaza maji, nikatikisa, nikaiweka juu ya tofali, tukasubiri. Mchanga ulishuka chini. Juu yake likatulia tabaka la tope, nene kama kidole changu; mchanga wenye tope hivyo ndio mwanzo wa zege bovu. Mwenye nyumba aliinama akaliangalia, hakusema kitu, akachukua simu akampigia dereva wa lori arudi aubebe.