Igeuze Bahasha Kabla Hujasaini

Karani wa posta akikusogezea daftari la kusaini, usikimbilie kalamu. Chukua kwanza bahasha, igeuze, uitazame pale ilipobandikwa. Gundi ya kiwandani hukaa bapa. Bahasha iliyofunguliwa kwa mvuke kisha ikabandikwa upya hukunjamana karatasi, na mara nyingi gundi ya pili huvuja ukingoni ikang'aa. Kwenye kifurushi, tafuta utepe uliopigwa juu ya utepe mwingine. Ukiingiwa na shaka, omba kipimwe palepale, kwa sababu uzito wa siku kilipotumwa kwa kawaida umeandikwa kwenye lebo au fomu ya forodha. Gramu zikipungua, hoja yako imepata miguu.

Nalisisitiza hili kwa sababu kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinahesabu kwamba dhamana ya posta kwa kifurushi au barua ya rejesta inakoma mzigo ukishakabidhiwa. Ukigundua upungufu kabla ya kuupokea au wakati wa kuupokea, waeleze wauandike. Ukiugundua nyumbani, bado unaweza kudai, ila itakubidi urudi bila kuchelewa na uthibitishe kwamba wizi haukutokea mikononi mwako. Hapo ndipo sisi wa posta wengi tunawapoteza, maana bahasha huwa imeshatupwa jalalani. Itunze, hata ikiwa imechanika vipande, pamoja na lebo na utepe wake.

Tusimwonee mtu, lakini. Forodha wana haki ya kufungua mizigo itokayo nje, na wakifanya hivyo kwa kawaida huacha alama yao. Kilichofunguliwa bila alama ya mtu yeyote ndicho cha kuulizwa.

Barua isiyofika kabisa ina taabu zaidi, kwani hakuna anayeikumbuka. Kama ulikuwa unasubiri kadi ya benki, kitabu cha hundi au taarifa ya akaunti na siku zimepita, anza na benki kabla ya posta. Mwizi wa barua aghalabu hana haja na karatasi. Anataka jina, anwani na namba ya akaunti. Benki ikifunga kadi leo, alichoiba hakina kazi. Ndiyo sababu benki nyingi hutuma kadi na namba ya siri kwa bahasha mbili tofauti. Ukipata moja tu, usikae kusubiri ya pili mwezi mzima.

Kisha njoo posta na namba ya ufuatiliaji. Kwa mizigo ya kimataifa ina nafasi 13: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka. Ikianza na R ni rejesta, ikianza na E ni EMS, yaani huduma ya posta ya haraka. Maulizo ya barua ya rejesta au kifurushi cha kimataifa hupokelewa ndani ya miezi sita kuanzia siku inayofuata ile ya kutuma, na fidia kwa kawaida ni haki ya mtumaji, kwa hiyo mwarifu naye apeleke risiti yake upande wake. Barua ya stempu ya kawaida haina namba hiyo, lakini toa taarifa vilevile. Malalamiko matatu ya njia moja hutuonyesha pa kutazama. Wizi ukiwa dhahiri, polisi nao waandikishe, na namba ya jalada uilete kwetu.

Kuhusu kinga sina mengi. Fedha taslimu zisiwekwe kwenye barua isiyo na bima. Kwa posta ya kimataifa kwa kawaida ni marufuku. Sanduku lako lifunguliwe mara kwa mara, maana lililojaa hadi karatasi zinachungulia nje linamwita mwizi. Ufunguo ukipotea badilisha kitasa, usichonge mwingine. Ukihama, badilisha anwani benki kabla hujafunga mizigo, la sivyo barua zako zitaendelea kwenda nyumba ya zamani, na huko hakuna wa kukuambia zimechukuliwa na nani.