Beethoven kwa darasa la tano: anza na "mi mi fa so"

Nikiingia darasani kufundisha Beethoven, mtunzi wa muziki, jina lake silitaji. Picha ya yule mzee mwenye nywele timtim inabaki mkobani, na mwaka wake wa kuzaliwa, 1770, utasubiri. Naandika ubaoni mstari mmoja wa solfa:

m : m | f : s | s : f | m : r | d : d | r : m | m : – . r | r : –

Mtoto aliyekulia kwenye kwaya atausoma mwenyewe. Wengine wanafuata mkono wangu unavyopanda na kushuka. Hapo hakuna nota inayoruka: kila moja inarudiwa au inahamia kwa jirani yake. Wimbo wote, ukiondoa so moja ya chini, unaishi kati ya do na so, ndiyo maana hata wale walioambiwa hawana sauti wanaushika.

Tunaanza polepole, kwa sauti ya chini, bila kinanda. Ni kweli kinanda hatuna, lakini Beethoven naye alianza hivyo. Katika sehemu ya nne ya Simfoni yake ya Tisa, utungo mrefu wa okestra, wimbo huu unaingizwa na chelo na besi peke yake, vyombo vikubwa vya nyuzi vyenye sauti nzito, kisha vyombo vingine vinajiunga kundi kwa kundi. Waimbaji wanakuja baadaye kabisa.

Wimbo mzima una mistari minne, na kazi iko mwishoni mwa ule wa tatu. Baada ya ile so ya chini, mi ya mstari wa nne inaingia pigo moja kabla ya wakati wake, kama mtoto anayejibu swali kabla hujamaliza kuuliza. Vitabu vingi vya nyimbo za kanisa vimepanyoosha mahali hapo, kwa hiyo watoto wa kwaya ndio wanaokosea zaidi. Mimi sipanyooshi. Wanapiga makofi manne, la nne wanaingia na mi na kuishikilia. Wakikosea wanacheka, tunarudia.

Wakishauzoea, tunacheza. Mkono wangu ukiwa juu, wanaimba. Nikiushusha wananyamaza, ila wimbo unaendelea kichwani. Nikiupandisha tena, wadakie pale ulipofika. Mara ya kwanza ni vurugu tupu. Mara ya tano darasa zima linatua kwenye nota ileile, wenyewe wanashangaa.

Hapo ndipo ninapowaambia kwamba aliyeutunga alikuwa kiziwi. Inasimuliwa kwamba simfoni hiyo ilipopigwa mara ya kwanza, Vienna, tarehe 7 Mei 1824, ilibidi mwimbaji mmoja amgeuze ili awaone watu wakishangilia. Kiziwi anatungaje wimbo? Swali hilo huniuliza walimu wenzangu. Watoto waliotoka kwenye mchezo ule hawaniulizi.

Mwisho naweka rekodi kwenye spika ndogo ya simu. Chelo inasikika kwa mbali, wanasogea, midomo inaanza kucheza. "Mwalimu, huo si ule wetu?" Nawanyamazisha kwa kidole, kwa sababu mstari wa tatu unakaribia kuisha na nataka kuona nani ataingia na mi kwa wakati. Jina naliandika ubaoni baada ya hapo, na wanalisoma Be-e-tho-ve-ni.