Broad Street: stesheni ya London iliyokufa kidogokidogo

Anayetoka leo stesheni ya Liverpool Street, London, kwa upande wa magharibi na kuingia kwenye maghorofa ya Broadgate, anakanyaga mahali palipokuwa na stesheni nyingine nzima. Kazi yangu ni historia ya reli za mijini, na katika stesheni zote zilizotoweka jijini humo hakuna inayoniuma kama Broad Street.

Ilifunguliwa tarehe 1 Novemba 1865 na kampuni ya North London Railway. Kabla ya hapo, treni zake kutoka vitongoji vya kaskazini zilizunguka mashariki hadi Bow, ndipo zirudi mjini. Njia mpya ilishuka moja kwa moja kutoka Dalston juu ya matao ya matofali hadi ukingoni mwa City, penye mabenki na ofisi. Wakazi wa Shoreditch walibomolewa nyumba zao ili reli ipite, na makarani wakapata njia ya kuishi mbali na kazini. Kufikia mwaka 1900 hivi, ni Liverpool Street na Victoria tu zilizoizidi kwa abiria London nzima.

Kwa kuwa reli ilipita juu ya matao, majukwaa nayo yalikuwa juu, na abiria alipanda ngazi ndefu kuyafikia. Chini palikuwa na bohari ya mizigo ya London and North Western Railway. Mabehewa ya mizigo yaliteremshwa kwa lifti zilizoendeshwa kwa mgandamizo wa maji, yakapakuliwa huko chini, yakapandishwa tena relini. Ardhi ya hapo ilikuwa ghali mno, na kwangu mimi huu ndio ufundi mkubwa kuliko mnara wake wa saa.

Kisha tramu za umeme na treni za chini ya ardhi zikaanza kuwachukua abiria wa safari fupi. Mwaka 1916 umeme uliwekwa kwenye njia ya Richmond, ukasaidia kwa muda. Mabomu ya Vita vya Pili yakaiharibu, na treni za kwenda Poplar zikakoma mwaka 1944. Ripoti ya Beeching ya mwaka 1963, iliyopendekeza reli nyingi za Uingereza zifungwe, ilitaka treni za Richmond zifutwe; wananchi walipinga, zikabaki. Lakini stesheni yenyewe haikutunzwa. Paa kubwa liliondolewa, majukwaa yakafungwa moja baada ya jingine. Hapo ndipo ilipouawa, si siku ya tingatinga. Ukimwacha abiria anyeshewe na mvua, huna haki ya kushangaa kwamba harudi.

Miaka ya 1970 ulikuwapo mpango wa kuzivunja Broad Street na Liverpool Street pamoja. Watetezi wa majengo ya kale walipigana, na sehemu ya kale ya Liverpool Street ikaokolewa. Broad Street ikakosa wa kuipigania kwa nguvu hiyo. Ubomoaji ulianza mwaka 1985 huku treni chache zikiendelea kuingia, na Juni 1986 ikafungwa kabisa.

Matao, hata hivyo, hayakuvunjwa yote. Yalikaa bila treni kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi mwaka 2010 treni za Overground, mtandao wa reli za mijini wa London, zilipoanza kupita juu yake kutoka Dalston Junction. Zinasimama Haggerston na Hoxton, kisha, karibu na Shoreditch, zinakata kona kuelekea mashariki badala ya kuendelea hadi Broad Street.