Povu la kunyolea ndevu na maji ya Mombasa: maswali na majibu

Kila nikizungumza na watu kuhusu ngozi na kunyoa, maswali ni yale yale. Mengi huanza na krimu. Majibu mengi huishia kwenye maji.

Nakaa Kisauni na maji yetu ni ya kisima. Nimebadilisha krimu, brashi ninayo, lakini povu halisimami. Nikiongeza krimu napata uji mweupe unaonikaukia usoni. Krimu za siku hizi ni mbovu?

Usinunue nyingine kwanza, ndugu yangu. Mombasa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji yanayopenya humo hadi kisimani hubeba kalsiamu na magnesiamu, na kisima kikiwa karibu na bahari huingiwa na chumvi pia. Sasa, krimu ya kunyolea inayotumiwa na brashi, kwa sehemu kubwa, ni sabuni laini yenye glisirini. Sabuni ikikutana na kalsiamu haitoi povu. Inashikana nayo na kuwa utando usioyeyuka, ule unaoacha mstari wa kijivu kwenye beseni. Krimu ya mwanzo yote huliwa na maji kabla hujapata povu la kunyolea. Chumvi nayo huizuia sabuni kuyeyuka sawasawa.

Jipimie mwenyewe. Tia maji ya kisima nusu chupa, kwangulia humo kipande kidogo cha sabuni ya kufulia (si ya unga, maana ya unga hutoa povu hata kwenye maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi), funga, tikisa kwa nguvu. Fanya vivyo hivyo na maji ya mvua. Chupa ya mvua itajaa povu linalokaa. Ya kisima itageuka kama maziwa yaliyokatika, na vijipande vyeupe vikielea juu.

Kuchemsha husaidia nusu. Ule ukoko mweupe ndani ya birika ni chokaa iliyojitoa kwenye maji, kwa hiyo chemsha, acha yatulie, kisha mimina ya juu. Lakini chumvi haitoki kwa moto. Maji yakipungua, yenyewe inazidi kukolea. Shabu nayo hutuliza tope tu. Njia rahisi ni kukumbuka kwamba kunyoa mara moja kunahitaji kikombe kimoja tu cha maji mazuri. Weka ya mvua kwenye chupa safi, au tumia ya kunywa ya dukani. Maji ya mkokoteni siyaamini kwa kazi hii: leo mtungi ni wa mfereji, kesho ni wa kisima, na muuzaji hakuambii. Uso unaweza kuuosha kwa maji yoyote safi ukishamaliza.

Haya, maji nimepata. Povu lenyewe linatengenezwaje?

Anza na ndevu kabla ya povu. Udevu mkavu ni mgumu. Ukilowa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili tatu hivi, unavimba na kulainika, na wembe unaukata bila kuuvuta. Nyoa baada ya kuoga, au funika mashavu kwa kitambaa kilicholoweshwa. Kazi ya povu ni kuyaweka maji hayo yasikimbie na kuufanya wembe uteleze. Povu lisilo na maji ya kutosha, hata likiwa jingi kiasi gani, ni pambo.

Lowesha brashi mpaka ndani, kisha ikamue taratibu na uikung'ute mara moja au mbili. Iwe na unyevu, isitone. Krimu kiasi cha korosho moja inatosha. Iweke kwenye kikombe au bakuli na uzungushe brashi haraka. Mwanzoni utaona uji mzito unaonata. Hapo ndipo wengi hupaka usoni, na hapo ndipo palipobaki kazi. Chovya ncha za brashi kwenye maji, matone machache tu, zungusha tena. Rudia. Povu litapanda, kisha litaanza kung'aa, na mapovu yake yatakuwa madogo hata huyaoni moja moja. Ukinyanyua brashi, linaacha kilele kinachoinama kidogo kwenye ncha. Limefika.

Ukiona mapovu makubwa makubwa yanayopasuka, maji yamezidi: ongeza krimu kidogo. Likiwa zito lisilong'aa na linakauka pembeni, maji hayajatosha. Usoni zungusha brashi ili nywele zisimame na povu liingie mashinani, halafu malizia kwa kupaka juu juu kulisawazisha. Usiisukume brashi mpaka inalala. Kinachofanya kazi ni ncha zake. Na wakati wa kaskazi, tafadhali, zima feni. Inakausha shavu la pili kabla hujamaliza la kwanza.

Maji yanayotiririka kwenye kiyoyozi hayana chumvi. Nitumie hayo?

Ni laini kweli, kwa sababu ni mvuke wa hewa uliogeuka maji. Lakini yamepita kwenye vumbi na ukungu uliojaa ndani ya mashine, na unayapeleka kwenye ngozi inayokwanguliwa kwa wembe. Mwagilia nayo maua.

Nimesikia brashi hizi ni za manyoya ya nguruwe. Ni kweli?

Baadhi, ndiyo. Ziko za nguruwe, za farasi, za mnyama mwingine wa porini anayeitwa melesi, na ziko za nyuzi za kiwandani. Soma boksi. Kama halisemi, chomoa unywele mmoja uuchome: ukinuka kama nywele iliyoungua, ni wa mnyama, ukiyeyuka na kuacha kitone kigumu, ni nyuzi za kiwandani. Hukumu ya dini muulize shekhe wako. Kwa upande wa afya, mimi napendelea za kiwandani kwa mji wenye unyevu kama wetu, kwa kuwa hukauka upesi.

Manyoya ya mnyama yana historia yake pia. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, askari na raia huko Uingereza na Marekani walipata kimeta kutokana na brashi za manyoya ambayo hayakusafishwa ipasavyo. Leo manyoya husafishwa kiwandani, kwa hiyo usiogope brashi mpya ya dukani. Iliyotumika, ya mtumba, iache pale pale.

Ukimaliza kunyoa, suuza brashi mpaka maji yatoke safi, ikung'ute, na uitundike mahali penye hewa, si ndani ya bafu lililofungwa. Ikianza kuwa ngumu mashinani, ni ule utando wa chokaa na sabuni. Iloweke dakika chache kwenye kikombe cha maji chenye kijiko cha siki, kisha uisuuze.

Kinyozi wangu wa Majengo hubadilisha wembe kwa kila mteja, ila brashi na jiwe la shabu ni vya wote. Kuna hatari?

Kwa wembe, mpe heko. Kwa mengine, ipo. Brashi ikipita kwenye kidonda cha mtu hubeba damu na usaha, na bakuli lenye uvuguvugu huvihifadhi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi. Choa cha ndevu na majipu navyo huhama kwa njia hiyo hiyo. Shabu huzuia damu ya mikwaruzo midogo, lakini jiwe moja likipitishwa kwenye mashavu ya watu kumi limegusa damu ya watu kumi. Na kale kasanduku kenye taa ya buluu anamowekea vifaa kasikudanganye: mwanga wake hufika pale tu unapogusa, haupenyi nywele za brashi wala damu iliyoganda.

Nenda na brashi yako na kipande chako cha shabu. Si matusi kwa kinyozi. Mwambie tu, "Kaka, leo nimekuja na vyangu," na yeye ataendelea na hadithi zake.

Povu sasa ni zuri, ila shingoni bado natoka vipele.

Povu hupunguza, halimalizi. Nywele zetu za kipilipili zikikatwa chini sana, ncha kali hujikunja na kuingia tena kwenye ngozi, na mwili huipigania kama mwiba. Nyoa kuelekea zinakolala nywele, usivute ngozi, usirudie pale pale, na tumia wembe wa makali mamoja badala ya matano. Kama vimekithiri, acha wembe kwa wiki kadhaa na utumie mashine inayobakiza nywele fupi. Usitumbue, wala usichokonoe kwa sindano.

Vikitoa usaha, uso ukivimba, ukipata homa, au makovu yakianza kuota na kuwa manene, nenda hospitali. Daktari wa ngozi anazo dawa, na kovu linaloota ni rahisi kutibu likiwa bado dogo.