Isaba: Kijiji Kinachopokea Mitamba Mitatu Kila Julai

Ukifuata kwenye ramani mpaka wa Hispania na Ufaransa, kuanzia Bahari ya Atlantiki kwenda mashariki, Milima ya Pirenei huanza kwa vilima vya majani mabichi kisha huzidi kupanda. Kilele cha kwanza kuvuka mita 2,000 ni Orhi. Ukishakipita tu, upande wa Hispania, katika jimbo la Navarra, unakutana na bonde ambalo Wabaski, watu wa eneo hili wenye lugha yao wenyewe, huliita Erronkari na Wahispania huliita Roncal. Lina vijiji saba. Kilicho kikubwa kuliko vyote ni Isaba, au Izaba kwa Kibaski, ingawa huo ukubwa usikudanganye: wakazi wake hawafiki 500. Nyumba ni za mawe, mapaa yana mteremko mkali ili theluji isilale juu yake, na katikati limesimama kanisa la Mtakatifu Cipriano, la karne ya 16, lenye kuta nene na mnara wa kujihami. Mito mitatu inayoshuka milimani hukutana hapo na kuwa mto mmoja, Ezka.

Nje ya Navarra, Isaba hujulikana zaidi kwa jambo moja. Kila tarehe 13 Julai, watu wa bonde la Barétous, ng'ambo ya milima huko Ufaransa, hupanda hadi mpakani na kuwakabidhi Waisaba mitamba mitatu. Swali tunaloulizwa mara nyingi ni kwa nini raia wa Ufaransa walipe ng'ombe kwa kijiji cha Hispania wakati nchi hizo mbili hazina ugomvi wowote. Wengi hudhani ni maigizo ya kuvutia watalii. Watalii kweli wapo, tena wengi, lakini ili kuelewa mitamba hiyo inabidi kuanza na mawe.

Juu ya Isaba, kuelekea mpakani, kuna eneo liitwalo Larra. Ni nyanda za mawe ya chokaa zilizochanika nyufa na mashimo, huku misonobari ikiota kwenye mipasuko yake. Mvua hunyesha Larra, theluji huanguka kwa wingi, na bado juu ya ardhi hukuti mto wala kijito. Chokaa huyeyushwa polepole na maji ya mvua. Nyufa hupanuka karne baada ya karne hadi zikawa mapango. Kumwagia maji pale ni kuyatia kwenye pakacha. Hushuka mamia ya mita chini ya ardhi, hupita chini ya mpaka bila kumwuliza mtu pasipoti, na kutokea upande wa Ufaransa, kwenye makorongo ya kijiji cha Sainte-Engrâce, ambacho nacho ni cha Wabaski.

Njia hiyo ya maji haikugunduliwa kwa urahisi. Mwaka 1950 mtafiti wa mapango Georges Lépineux aligundua mdomo wa shimo karibu kabisa na mpaka, shimo linaloshuka wima kwa zaidi ya mita 300. Mwaka 1952 mwenzake Marcel Loubens alishushwa humo kwa waya wa chuma. Wakati wa kupandishwa, kishikizo cha waya kilifyatuka, akaanguka, akafariki akiwa bado chini. Mwaka 1953 wenzake waliendelea na kuufikia ukumbi wa La Verna, wenye upana wa zaidi ya mita 200, ambamo mto wa chini ya ardhi hupita gizani. Siku hizi maji hayo huzungusha mtambo wa umeme upande wa Ufaransa. Kwa hiyo mvua ya Navarra huwasha taa za jirani.

Sasa mfikirie mfugaji wa karne ya 14. Kiangazi nyasi za huko juu ni nzuri kuliko za bondeni, na ng'ombe na kondoo wanazihitaji. Maji hayapo, isipokuwa kwenye chemchemi chache mno. Malisho mapana unaweza kuyagawa kwa mdomo, wewe huku, mimi kule. Chemchemi moja haigawiki hivyo. Makundi mawili yakifika kwa wakati mmoja, mmoja atangoja. Mwaka 1373, kando ya mlima Arlas, ugomvi wa kunywesha mifugo ulimwaga damu kati ya watu wa Erronkari na watu wa Barétous, kisasi kikazaa kisasi. Wakati huo Navarra ilikuwa ufalme wenye mfalme wake, na ng'ambo palikuwa na utawala wa Béarn. Wakubwa wa pande zote mbili walijaribu kusuluhisha, ikashindikana.

Waliofanikiwa walikuwa majirani. Ansó ni kijiji cha bonde linalofuata upande wa mashariki, katika Aragón, nje ya tawala zote mbili zilizogombana. Wazee wake sita walikaa kama waamuzi, wakasikiliza, na mwaka 1375 wakatoa hukumu: nani atachunga wapi, nani atanywesha wapi na lini, na kwamba Barétous itatoa kila mwaka mitamba mitatu ya umri wa miaka miwili, inayofanana kwa rangi, pembe na meno. Mimi huona hilo la kufanana ndilo linaloonyesha busara ya wale wazee. Anayetaka kuvunja makubaliano bila kuyakana hadharani huleta ng'ombe dhaifu. Ukishaandika rangi, pembe na meno, umemfungia mlango huo.

Ndiyo maana mpaka leo daktari wa mifugo ana kazi siku hiyo. Shughuli hufanyika kwenye njia ya mlimani, mita 1,760 hivi juu ya usawa wa bahari, penye jiwe la mpaka namba 262. Meya wa Isaba huvaa vazi la heshima la bonde: joho jeusi, kola nyeupe pana na kofia. Wenzake wa Barétous huja na suti na ule utepe wa rangi tatu za bendera ya Ufaransa kifuani. Wanasimama kila upande na kwake. Meya wa Isaba huuliza mara tatu kama wamekubali kutoa mitamba mitatu kama miaka iliyotangulia, na mara tatu hujibiwa ndiyo. Kisha wa Barétous huweka kiganja juu ya jiwe, wa Erronkari huweka chake juu, na hivyo hivyo kwa zamu, hadi mkono wa juu kabisa unakuwa wa meya wa Isaba. Yeye ndiye hutamka maneno ya kale, "Pax avant", yaani amani itangulie, na wote hurudia, mara tatu. Baada ya hapo mitamba hukaguliwa, kumbukumbu husainiwa, walinzi wa malisho huapishwa, na watu huenda kula. Mitamba miwili ni ya Isaba. Wa tatu huenda kwa zamu kwenye vijiji vingine vya bonde.

Wale majirani wa Barétous si Wabaski. Wanatoka Béarn, na lugha yao ya asili ni nyingine kabisa. Si udugu wa damu wala wa lugha uliowaunganisha, ni nyasi na maji tu. Na serikali zilipokuja baadaye kuchora mpaka rasmi kwa Mkataba wa Bayonne wa mwaka 1856, zilikuta mikataba mingi ya malisho kati ya mabonde ya pande mbili. Mingi iliachwa imalizike. Miwili ilitambuliwa kuwa ya kudumu, na huu wa Erronkari na Barétous ni mmojawapo. Mawe ya mpaka yalihesabiwa kutoka bahari hadi bahari, 602 kwa jumla, na mitamba ikaendelea kupanda mlima kama kawaida.

Malisho ya juu ni ya kiangazi tu. Theluji ikikaribia, kondoo wa Erronkari hushuka kusini kwenye nyika kame ya Bardenas Reales, safari ya kilomita zaidi ya 100 kwa njia ya mifugo yenye jina la bonde lao. Tarehe 18 Septemba ndiyo siku ya kuingia Bardenas, na bonde la Erronkari ni miongoni mwa wenye haki 22 wa ardhi hiyo, pamoja na miji, bonde la Salazar na nyumba ya watawa ya La Oliva. Maziwa ya kondoo hao ndiyo yatoayo jibini la Roncal, la kwanza nchini Hispania kupewa hadhi ya jina la asili linalolindwa, mwaka 1981.

Wanaume wengine walishuka na mto. Magogo yalifungwa kuwa vyelezo kwa matawi yaliyosokotwa, na wenye kuvipiga makasia walivipitisha Ezka, kisha mto Aragón, kisha Ebro hadi Zaragoza na hata mbali zaidi. Bwawa la Yesa lilikata njia hiyo katika miaka ya 1950. Na wanawake? Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, wasichana wa bonde hili na mabonde jirani walivuka milima kwa miguu kila vuli kwenda Mauléon, Ufaransa, kushona viatu vya kitambaa vyenye soli ya kamba, na kurudi majira ya kuchipua. Kwa kuwa walivaa nyeusi na kusafiri kwa makundi, waliitwa mbayuwayu.

Nimeyataja haya kwa sababu yanasaidia kueleza jambo la kusikitisha. Bonde hili lilikuwa na Kibaski chake, ambacho wenyewe waliita uskara badala ya euskara, chenye sauti za puani ambazo lahaja nyingi zilikwishapoteza. Mwanamfalme Louis-Lucien Bonaparte, mpwa wa Napoleon, aliyechora ramani ya lahaja za Kibaski ya mwaka 1863, alikisoma Kibaski hicho kwa msaada wa Mariano Mendigatxa, mwenyeji wa kijiji cha Bidankoze. Lakini wachungaji walikuwa wakikaa miezi mingi ya mwaka kwenye nyanda za Kihispania, wenye vyelezo wakifanya biashara kwa Kihispania, na shuleni mtoto alifundishwa kwa Kihispania. Nyumbani lugha ilibaki kwa wanawake wazee. Fidela Bernat wa Uztárroz, kijiji jirani na Isaba, alikuwa mzungumzaji wa mwisho. Alifariki mwaka 1991.

Majina ya mahali hayakufa naye. Larra ni malisho. Idoia, jina la kanisa dogo la Bikira Maria lililo nje kidogo ya Isaba, latokana na neno la dimbwi. Wasichana wengi wa Kibaski wanaoitwa Idoia wamechukua jina lao hapo. Njia nyembamba ya miamba huitwa kwa neno la mlango, ate. Otsogorrigaina ni kilele cha mbwa mwitu mwekundu. Mlima mkubwa wa ng'ambo, ambao Wafaransa huuita Anie, kwa Wabaski ni mlima wa mwanambuzi, na Bernardo Estornés Lasa, mzaliwa wa Isaba, aliipa ensaiklopidia yake ya Wabaski jina la mlima huo, Auñamendi. Soma orodha hiyo kwa jicho la mfugaji: nyasi ziko wapi, maji yametuama wapi, mifugo ipite wapi, mnyama mla kondoo yuko wapi.

Msomaji anayetaka kufuatilia zaidi ajue kwamba sheria ya lugha ya Navarra ya mwaka 1986 iligawa jimbo katika kanda tatu, ya Kibaski, mchanganyiko na isiyo ya Kibaski, na Erronkari iko kwenye kanda mchanganyiko. Vibao vingi vya barabarani vina majina mawili, na ramani za mtandaoni hazikubaliani kila mara. Ukitafuta Bidankoze usipate, andika Vidángoz. Burgui ni Burgi, Urzainqui ni Urzainki, na Uztárroz ni Uztarroze. Kwenye vilele na machunga, anza na Kibaski, kwa kuwa sehemu nyingi za huko hazijawahi kuwa na jina lingine.