Akiba haiozi, ila muuguzi hahifadhiwi ghalani

Nimeisikia tena wiki hii, na safari hii kutoka kwa mtu aliyesomea fedha, ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza. Hoja yenyewe ni hii: pensheni zinayumba kwa sababu vijana wachache wanawabeba wazee wengi, basi kila mtu afunguliwe akaunti yake, ajiwekee chake, azeeke na chake. Watoto wakizaliwa wachache, yeye yanamhusu nini? Kisha akamalizia na methali: akiba haiozi. Utadhani methali ndiyo iliyofunga hesabu.

Kazi yangu ni kukokotoa makadirio ya mifuko ya pensheni, miaka 40 au 50 mbele. Nakubali, noti haiozi. Lakini mzee hali noti.

Mtu wa miaka 82 anahitaji chakula, dawa, umeme, fundi wa bomba, na pengine mtu wa kumgeuza kitandani. Nyumba na mitambo hudumu, sawa, lakini sehemu kubwa ya vitu hivyo itazalishwa mwaka ule ule atakaovitumia, na watu watakaokuwa kazini mwaka huo. Huwezi kuweka kando saa tatu za muuguzi leo ukazitoe 2060. Unachoweka ni dai, yaani karatasi inayosema kwamba jamii ya 2060 itakumegea kipande cha ilichozalisha. Hatifungani, yaani hati ya kuikopesha serikali au kampuni, ni dai. Hisa ni dai. Ahadi ya serikali kwamba michango ya wafanyakazi wa wakati huo itakulipa nayo ni dai. Kinachotofautiana ni nani ameisaini karatasi na nani ana ubavu wa kuichana.

Sasa chukua wastaafu wengi wenye madai manono, uwaweke mbele ya wafanyakazi wachache. Kwenye mfumo wa michango, ambako wafanyakazi wa leo wanawalipa wazee wa leo, maumivu yanaonekana: makato yapande, mafao yapungue, au umri wa kustaafu usogezwe. Bunge linachafuka, watu wanaandamana. Kwenye akaunti binafsi haandamani mtu, kwa sababu maumivu yanapita sokoni. Wazee wanauza hisa na hatifungani kwa pamoja, wanunuzi ni kizazi chembamba, bei zinashuka. Au wanapata fedha zao kamili, wanaingia nazo sokoni kugombania huduma zile zile chache, na huduma zinapanda bei. Aliyedhani ana miaka 25 ya matumizi anakuta ana 18.

Ukiweka akiba peke yako unafaidi, hilo silikatai. Ni kama kuwahi foleni. Lakini wote mkiamka saa kumi alfajiri, foleni ni ile ile, mmepoteza usingizi tu. Mtu wa fedha hutazama mteja mmoja, na kwa mteja mmoja yuko sahihi. Kosa linaanza anapozidisha mteja huyo mara milioni 20 na kuiita sera.

Hapa niseme jambo ambalo vitabu vyetu hulipitia haraka. Hiyo hadithi ya wazee kuuza kwa pamoja ni safi sana ubaoni, lakini wazee halisi hawauzi hivyo. Wengi hufa wakiwa bado na mali, ama kwa kuogopa kuishi kuliko akiba yao, ama kwa kuwawekea watoto. Halafu kuna Japani. Watu wake wa umri wa kufanya kazi walifikia kilele katikati ya miaka ya 1990, wakaanza kupungua. Kwa mantiki niliyoieleza juu, ya wafanyakazi wachache na huduma chache, bei za bidhaa na huduma zingeruka. Badala yake riba ilikaa karibu na sifuri kwa zaidi ya miaka 20 na bei zikagoma kupanda. Wapo wachumi wanaosema huo ndio uzee wenyewe, watu wanaoogopa ustaafu mrefu hujibana. Wapo wanaosema kilichozuia bei za Japani kupanda ni nguvukazi nafuu ya China, na ngao hiyo inakwisha, kwani China nayo ilianza kupungua watu mwaka 2022. Mimi nimeshabadili msimamo mara mbili, na sioni aibu kubadili mara ya tatu.

Akiba husaidia kweli inapogeuka kuwa mtambo, shule au teknolojia inayomfanya mfanyakazi mmoja azalishe zaidi, au inapowekezwa kwenye nguvukazi ya wengine. Norway huweka fedha za mafuta yake nje ya nchi tangu 1996, na hilo lina mantiki. Ila lazima huko nje pawe na vijana, na uzazi unashuka karibu kila mahali. (Ndiyo, uzazi. Chanzo kikuu cha jamii kuzeeka ni watoto kupungua kuliko watu kuishi sana.)

Na gharama ya kuhama mfumo huwa haisemwi. Chile ilihamia akaunti binafsi mwaka 1981. Michango ya vijana ikaenda kwenye akaunti zao, sasa wazee waliokuwepo walipwe na nani? Hazina, yaani walipakodi, yaani vijana wale wale, kwa miongo. Mwaka 2008 serikali ikaongeza pensheni ya mshikamano kwa wenye akiba haba, na 2020 hadi 2021 wabunge wakaruhusu watu kuchota asilimia 10 ya akiba zao, mara tatu. Wanajeshi, ambao ndio waliokuwa madarakani mageuzi yalipoletwa, walibaki na mfumo wao wa zamani.

Kwenye majedwali yangu kinachosogeza namba ni umri wa kustaafu. Mwaka mmoja zaidi kazini unaongeza mchangiaji na kupunguza mpokeaji kwa mpigo. Ujerumani ya Kansela Bismarck, mwaka 1889, ilianza pensheni yake ya uzeeni na umri wa miaka 70. Denmark imepitisha sheria ya kufika huko huko ifikapo 2040. Kwangu mimi wa kiti na kompyuta ni rahisi kuidhinisha. Mbeba zege naye yumo kwenye mstari huo huo wa jedwali, na jedwali halina safu ya magoti.